Muhire Anapima Sukari

Benchi letu lipo Nyamirambo, mjini Kigali, kwenye baraza ya Ilyasi fundi cherehani, na kama unatafuta watu wanaojua kila kitu huna haja ya kuhangaika na chuo kikuu, njoo hapa baada ya sala ya adhuhuri. Ilyasi tunamwita Santimetri, kwa sababu utepe wa kupimia haujawahi kutoka shingoni mwake, nadhani hata kitandani. Shafiq, anayetupikia kahawa ya tangawizi kwenye jiko la makaa, ni Kijiko. Tangu vita vianze huko kaskazini sukari imekuwa adimu, naye kila kijiko anakisawazisha kwa kisu kabla hajakimimina. Munyakazi ni Dipulome. Aliwahi kuwa karani kwenye ghala la madawa, wakamwachisha, lakini Kifaransa hawakumnyang'anya, basi barua zote za mtaa anazisoma yeye. Mimi ni Antena, natengeneza redio, na mwezi ule wa saba mwaka wa tisini na mbili nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya bati nikimfungia mtu waya, goti likavimba likawa halina mbele wala nyuma. Ng'ambo ya barabara kuna duka la Hadji, na ndani yake friji inayonguruma mchana kutwa na kunivurugia stesheni. Friji hiyo nimeilaani mara nyingi sana, mniwie radhi.

Mtu wa tano wa benchi hakai kwenye benchi. Nyiraneza, mke wa Ilyasi, ambaye sisi tunamwita Mama Muhire, alikuwa anatupitishia sambusa dirishani na kutukemea tukizidisha kelele. Tangu mwaka uliopita sambusa zilikwisha. Figo zake zimechoka, daktari alisema, na kumbe figo ndizo zinazotoa amri damu itengenezwe; amri isipotoka, damu haitengenezwi. Aliongezewa damu mara tatu. Mara ya pili ilikuwa yangu, na Shafiq anadai ndiyo sababu mama akaanza kupenda taarifa ya habari. Mara ya tatu mwili uliikataa, akatetemeka mpaka sote tukatoka nje kwenda kulia kwa zamu. Daktari akasema asiongezewe tena. Akasema iko dawa mpya Ulaya, ya sindano, inayotoa ile amri badala ya figo, lakini huku haijafika, na bila hiyo hawezi kuahidi kwamba mama ataiona mvua ya mwezi wa tisa. Ilyasi akamwandikia mwanawe Muhire, aliye Ubelgiji mwaka wa tisa sasa. Muhire, tulivyoambiwa, anatengeneza dawa.

Jumamosi moja, saa saba mchana, dawa ikafika.

Aliyeileta aliitwa Silvère, bwana mmoja mwenye koti la baridi kwenye jua lile, katoka uwanja wa ndege Kanombe na teksi, injini haikuzimwa. Alikuwa anawahi Butare kabla askari wa vizuizini hawajakasirika. Akamwekea Ilyasi mikononi sanduku jeupe, jepesi, la ile takataka nyeupe inayofungiwa televisheni.

— Muhire amesema mfungue upesi, akasema, akaondoka.

Tukafungua upesi. Hilo hakuna wa kutulaumu.

Ndani mlikuwa na chupa sita, kila moja ukubwa wa kidole gumba, barua ya kurasa mbili, karatasi ngumu yenye mhuri, na vitu viwili vya buluu, bapa, vigumu, vya baridi kali. Ikawa hivi: bila mtu kumwagiza mtu, kila mmoja alichukua anachokielewa. Ilyasi akachukua kifuniko cheupe, akachomeka pini zake zote, akasema tangu aanze ushonaji hajapata mto wa pini mzuri namna hii. Shafiq akachukua kimoja cha buluu akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji anamopozea Fanta. Cha pili nilikichukua mimi nikakiweka kwenye goti. Ilyasi mwenyewe alinifungia kwa kipande cha kitenge, na nilipata nafuu ambayo sijaipata wiki mbili.

Zikabaki chupa, juu ya sinia la Shafiq. Ilyasi aliziangalia kwa muda.

— Zinatoa jasho.

— Ni baridi hiyo, alisema Shafiq. Hebu shika. Mikono inauma.

— Mke wangu amevaa sweta mbili na blanketi, jua hili. Jana ameniomba nimshike miguu tu, nimshike. Halafu mimi nimwingizie barafu mwilini?

— Haiwezekani, alisema Dipulome.

— Ziweke hapa karibu na jiko, Shafiq akasema. Si juu ya moto. Pembeni. Zipate uvuguvugu kidogo kabla nesi hajafika.

Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Ninalisema mapema ili msije mkasema nilificha. Benchi letu halijawahi kukubaliana upesi namna ile, si kwa siasa, si kwa mpira, na hilo lingetosha kututia wasiwasi.

Nesi tuliyemngoja ni Pudentienne, anakaa Kabuga, anapiga sindano nyumba kwa nyumba na hacheki. Alisema atafika saa tisa, basi likitaka. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya barua.

Barua za Ulaya zina desturi yake kwetu. Mambo yako ukurasa wa kwanza, salamu ziko wa mwisho, na salamu hazisomwi kwa haraka. Zinangoja kahawa ya mwisho, watu wametulia, ili kila anayetajwa ajisikie kweli ametajwa. Dipulome akatupa jicho kwenye ukurasa wa pili, akasoma kwa sauti, “Mzee Shafiq nisalimie sana,” Shafiq akaweka mkono kifuani, basi ukakunjwa vizuri na kutiwa mfuko wa shati. Akafungua ule wa kwanza.

— “Baba yangu mpenzi. Dawa hii ndiyo inayotengenezwa hapa ninapofanya kazi. Nimeipata kwa kuomba sana, chupa sita, nyingine sitapata kabla ya mwaka mpya. Lakini Baba, nataka ujue ukweli. Mimi simo katika kuitengeneza. Kazi yangu ni kupima sukari.”

Friji ya Hadji ilikuwa inanguruma.

— Rudia hapo, alisema Ilyasi.

— “Kazi yangu ni kupima sukari.”

— Rudia.

— Santimetri, hata nikirudia mpaka magharibi, imeandikwa sukari.

Shafiq alikuwa amekamata kijiko na kisu, akasawazisha, akamimina, akakoroga.

— Miaka tisa, akasema.

— Miaka tisa nini?

— Hakuna. Mimi nilijifunza asubuhi moja tu.

Sikupenda. Nilimwona Ilyasi akishika utepe wake kwa mikono miwili. Mzee huyu alimwambia imamu, akamwambia Hadji, akamwambia na afisa wa paspoti, kwamba mwanawe anatengeneza dawa Ubelgiji. Nyiraneza alipokataa kula, alimwambia, kula, mwanao anakutengenezea dawa. Sasa mwanawe ni mwenzake Shafiq.

— Endelea, akasema. Huenda anaeleza.

— “Dawa hii ni protini, mfano wa uzi mrefu uliokunjwa. Juu yake zimeshikamana sukari, zimepangana kama matawi. Si sukari ya kahawa.”

— Sukari ya kahawa ina kosa gani? aliuliza Shafiq.

— Ngoja asome.

— Hapana, nataka kujua. Mtu anakunywa kahawa yangu tangu hajaota ndevu, leo anaandika si sukari ya kahawa.

— Mimi naijua hii, alisema Dipulome. Akakunja barua kwa kidole ndani, jinsi anavyofanya akitaka kuhutubia. — Pale ghalani niliona. Donc, yaani, Mzungu ni mfanyabiashara. Dawa ni ghali, sukari ni rahisi. Unachanganya. Kama huku mtu anavyotia kokoto kwenye maharagwe. Sasa serikali yao imeshtuka, imesema kila kiwanda kiwe na mtu wa kupima sukari. Muhire ni polisi. Anawakamata.

— Polisi wa sukari, nilisema.

— Polisi ni polisi.

Ilyasi alifikiria kidogo, nikaona polisi hakumchukiza. Lakini Shafiq hakuridhika.

— Kokoto unazitia ili mtu asizione. Sukari utaificha wapi? Mtu akionja amejua. Mimi nasema wameitia kwa ajili ya ladha.

— Ni sindano, Kijiko. Mkono unaonja?

— Wewe uliwahi kuchomwa kwinini? Ulimi haupo mkononi, lakini kinywani uchungu uliusikia au hukuusikia?

Kwa hilo alitushinda, maana ni kweli tuliusikia. Shafiq akajisikia profesa. Akasogeza makaa kwa koleo, akapuliza, akaongeza mawili.

— Soma, Dipulome, alisema Ilyasi. Usikunje tena.

— “Sukari hizi zikipungua, au ile ya mwisho kwenye ncha ikikatika, ini linaikamata dawa na kuila kabla haijafika kwenye mifupa inakotengenezwa damu. Ndiyo maana kila pishi la dawa likiiva, wananiletea kidogo. Nazikata zile sukari, nazipitisha kwenye bomba refu jembamba, zinatoka moja moja, mashine inachora. Sukari zikiwa pungufu pishi zima linamwagwa.”

— Linamwagwa? Shafiq alisimama kabisa. — Wanamwaga dawa kwa sababu ya sukari pungufu?

— Ndivyo alivyoandika.

— Si waongeze kijiko?

— Anasema haishiki baadaye. Inashika wakati wa kupika tu.

— Kama chumvi ya wali, alisema Ilyasi polepole.

Hapo nami nikapata yangu, na naona aibu kidogo kwa jinsi nilivyoipenda. Nikawaambia: sikilizeni, ini ni kizuizi. Pale Nyabugogo, unapita na teksi, askari anasimamisha, anasema toa karatasi. Dawa ni msafiri. Sukari ni kitambulisho chake. Mwenye kitambulisho kamili anapita, anaenda kwenye mifupa kufanya kazi. Asiye nacho, au chenye kona iliyokatika, anashushwa. Muhire anakagua vitambulisho kabla msafiri hajaondoka nyumbani.

Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Dipulome aliangalia barabara. Mwaka ule mambo ya vitambulisho vyetu vyenye kabila, na nani anashushwa, hayakuwa ya kuchezea, hata kwenye benchi.

— Mfano mzuri, alisema hatimaye. Usiurudie.

Shafiq akatumiminia kahawa nyingine ili tupate la kufanya. Goti langu lilikuwa limekufa ganzi tamu. Ilyasi aliinama akazigeuza chupa zote sita, moja moja, upande uliokuwa nyuma ukatazama makaa. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, kama anavyogeuza kola.

— Na hii karatasi ngumu? akauliza.

Dipulome aliifungua, na tukaingia kwenye matatizo mapya. Juu ilikuwa na mhuri na maneno ya Kifaransa yanayosema pishi namba fulani limepimwa na limekubaliwa. Chini kulikuwa na mchoro. Mstari mmoja tu, unaotambaa, halafu unapanda, unashuka, unapanda tena zaidi, na juu ya kila kilele kuna namba.

— Vilima, alisema Shafiq.

— Vitano.

— Hiki cha kwanza kifupi nakijua. Ni Kabeza pale, ukitazama kutoka uwanja wa ndege.

— Na huu mrefu ni Mlima Kigali wenyewe. Tazama unavyoshuka upande huu.

— Na namba juu yake, alisema Dipulome. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Akatuinamia karibu.

— Mabwana, karatasi imetoka Ubelgiji, ina mhuri, ina vilima vya Kigali, kila kilima kina namba. Kuna vita. Akija mtu hapa akiikuta, tutamwambia nini? Kwamba ni sukari?

— Ni sukari, nilisema. Kijana kasema mashine inachora.

— Wewe unajua. Mimi najua. Yule askari wa Nyabugogo anajua?

Shafiq hakungoja. Alishafunua sehemu ya makaa kwa koleo.

— Lete. Dakika moja tu.

— Hapana, alisema Ilyasi.

— Santimetri, fikiri. Dawa ipo. Karatasi si dawa.

— Nimesema hapana.

Hajawahi kutuambia hapana mara mbili, mzee huyu. Tumekaa kwenye baraza yake, tumekunywa maji yake, tumechelewesha nguo za watu. Alimnyang'anya Dipulome ile karatasi, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaufuata ule mstari kwa kidole, kilima kwa kilima. Halafu akachukua kipande cha kitambaa kilichoanguka chini, kipya, kimekatwa asubuhi.

— Tazameni, akasema. Hiki kizuri?

— Kizuri.

— Rangi?

— Nzuri.

Akavuta uzi mmoja pembeni. Ukatoka. Akavuta wa pili, nao ukatoka, kitambaa kikaanza kujifumua mbele ya macho yetu, bila haraka.

— Sijakipiga pindo. Ndiyo hivyo tu. Nguo unaweza kuikata vizuri, ukaishona vizuri, mteja akaipenda. Usipofunga ncha, wiki moja mwilini imekwisha. Mtu wa nje haoni. Anasema fundi mzuri. Ila fundi mwenzako akigeuza nguo ndani nje, anajua.

Akagonga kile kilima kirefu kwa ukucha.

— Ile sukari ya mwisho kwenye ncha. Hiyo ni pindo. Mtoto wangu anageuza dawa ndani nje, anatazama pindo. Na pindo likiwa bovu, wanatupa nguo yote. Mimi sijawahi kupata mwajiri wa namna hiyo.

Nilikaa nikaangalia kile kitambaa kinavyofumuka. Nasema kweli, katika miaka yote ya benchi, hakuna aliyewahi kueleza jambo nikalielewa, mpaka siku hiyo. Dipulome aliifungua barua tena akasoma mistari ile kimya, midomo ikicheza, na akatikisa kichwa.

— Ndivyo ilivyo, akasema. Ndivyo hasa alivyoandika.

— Nilimpeleka cherehanini ana miaka saba, alisema Ilyasi. Nilimwambia, usiniletee nguo haina pindo. Alikuwa analia. Macho ya mzee yalikuwa yamelowa sasa, naye hakuyafuta. — Sasa imamu nitamwambia. Nitamwambia hatengenezi. Anakagua. Na popote pale, anayekagua yuko juu ya anayeshona.

— Juu sana, alisema Shafiq. Na nadhani alikuwa anaomba msamaha, maana alimwekea Ilyasi kijiko cha sukari bila kukisawazisha.

Karatasi ikatundikwa ukutani, juu ya cherehani, kwa pini zilizotoka kwenye kile kifuniko cheupe. Vilima vikatutazama. Tukawa tunavisifu, hiki cha kushoto kimesimama vizuri, kile cha nyuma hakina kasoro, na Dipulome akaeleza jinsi pale ghalani hawakuwahi kupokea dawa iliyopimwa hivi, laiti wangempa yeye nafasi. Sinia lilikuwa pale pale pembeni ya jiko. Jasho la chupa lilikuwa limekauka zamani, nazo zinang'aa.

Pudentienne alifika saa kumi na moja, vumbi la Kabuga mpaka kwenye nyusi. Basi halikutaka. Akatusalimia sote kwa pamoja ili asipoteze muda, akaweka mkoba wake mezani.

— Dawa imefika?

— Imefika, tulijibu watu wanne.

Ilyasi akamwonyesha kwanza ukuta. Akamweleza pindo. Pudentienne alisikiliza, akasoma ule mhuri, na nikaona amependezwa, jambo ambalo si la kila siku.

— Hii safi kabisa, akasema. Hata hospitali kubwa haipati karatasi hii. Chupa ziko wapi?

Shafiq akalisogeza sinia kwa mikono miwili, kwa heshima.

Alichukua chupa moja. Akaishika. Akaibadilisha mkono. Akachukua ya pili akaiweka kwenye shavu lake, kama mtu anavyompima mtoto homa. Halafu akaangalia jiko, akaangalia sisi mmoja mmoja, na macho yake yakasimama kwenye goti langu.

— Hicho cha buluu umekitoa wapi?

Nilikigusa kwa kiganja. Kilikuwa kimelainika, kina maji ndani, vuguvugu kama maji ya kunawa.

— Kilikuwa humo ndani ya sanduku?

— Vilikuwa viwili, alisema Shafiq kwa sauti ndogo, akatazama ndoo ya Fanta.

— Na hizi zimekaa hapa tangu saa ngapi?

Watu wanaojua kila kitu, kila mmoja akaangalia miguu yake.

— Zilikuwa za baridi sana, alisema Ilyasi. Mama anasikia baridi. Nikasema zipate joto.

— Mwanao hakuandika namna ya kuzitunza?

— Hakuandika, alisema Dipulome. Nimesoma yote. Bado salamu tu.

Akautoa ukurasa wa pili kwenye mfuko wa shati, aonyeshe kwamba ni salamu tu. Akaukunjua. Akaanza kwa sauti yake ya kusomea watu.

— “Mzee Shafiq nisalimie sana, mwambie kahawa ya huku haina tangawizi. Munyakazi nisalimie, najua ndiye anayesoma. Antena nisalimie na redio zake. Baba, la muhimu kuliko yote nimeliweka hapa, pamoja na majina ya watu, ili...”

Midomo ikaendelea kucheza bila sauti. Halafu akanipa mimi ile karatasi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akampa mtu mwingine barua, nikasoma mwenyewe.

“...ili usisahau. Chupa zisitoke kwenye barafu. Hadji ana friji, ziweke humo mara tu zikifika, zisiguswe na joto hata la mkono. Joto likizipata hazitabadilika rangi, hutaona tofauti yoyote, ila dawa itakuwa imekufa. Mama mwambie nimepima pishi lake mwenyewe, mara tatu.”

Nilimpa Pudentienne. Alisoma, akaikunja.

— Huenda zingine zimepona, Ilyasi alisema. Hii ya mwisho ilikuwa mbali kidogo na moto.

— Huenda.

— Utajuaje?

— Mimi sijui. Hapa Kigali hakuna anayejua, Mzee Ilyasi. Wanaojua ni wenye mashine, huko alikopimia mwanao. Mimi siwezi kumchoma mama kitu nisichokijua, na damu yake ilivyobaki.

Shafiq aliinua birika amiminie watu. Yakatoka mashapo tu. Akalirudisha taratibu.

Hapo ndipo pazia la mlangoni likasogea. Mama Muhire alikuwa amesikia sauti ya nesi, akainuka mwenyewe, kitu ambacho alikuwa hajakifanya kwa siku nne. Alikuwa na zile sweta mbili na blanketi begani, ameshika ukuta, amefunga kitambaa kipya kichwani. Midomo haikuwa na rangi hata kidogo. Ilyasi alimkimbilia akamkalisha kwenye benchi, mahali pangu, nami nikasimama, na goti halikuuma.

— Msinifiche, alisema. Nimewasikia mchana kutwa mnabishania sukari. Ni hizi?

Hakuna aliyewahi kumkataza kitu mwanamke yule. Akanyoosha mkono akachukua chupa moja kwenye sinia. Akaifumbata. Akachukua na ya pili, akazikutanisha kwenye viganja, akafumba macho kidogo.

— Zina joto, akasema. Alhamdulillahi. Nilikuwa nimelala pale naziogopa, nikifikiria mtaniletea baridi ya Ulaya mwilini.

Akatuangalia, na akatabasamu, lile tabasamu la siku za sambusa.

— Nani kati yenu alifikiria kuzipasha?

Ng'ambo ya barabara friji ya Hadji ilinguruma, ikatulia, ikanguruma tena. Ilyasi alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamfunika miguu kwa pindo la blanketi, na hakuinua kichwa.